Homa ya mtoto: duka la dawa, zahanati au hospitali kubwa?

*Swali: Habari za kazi, daktari. Naishi Mbagala, Dar es Salaam, nina watoto wawili, mmoja ana miaka minne (kilo 16) na mwingine tisa. Kila wakiugua nabaki sijui niende wapi. Duka la dawa liko hatua chache kutoka nyumbani na muuzaji ananijua. Ananipimia amoksilini hata ya elfu mbili, na mara nyingi mtoto anapona. Zahanati ya serikali ni foleni tangu asubuhi. Kituo binafsi wanatuhudumia haraka, lakini kila nikienda majibu ni yaleyale: malaria kidogo, UTI na taifodi, halafu sindano za siku tano. Mwezi uliopita nilitoka pale nimelipa 62,000 kwa homa ya siku mbili ya huyu mdogo. Jirani ananiambia nisipoteze muda, niende moja kwa moja hospitali kubwa kwenye madaktari bingwa. Yule mkubwa sasa anakohoa wiki ya tatu, amemaliza chupa mbili za dawa ya kikohozi. Kwa magonjwa haya madogo madogo, mahali sahihi ni wapi?*

Nianze na huyo mkubwa, mama, maana yeye hapaswi kusubiri hadi mwisho wa jibu. Kikohozi kikifika wiki mbili hakihesabiwi tena kuwa ugonjwa mdogo wa dukani. Mpeleke zahanati au kituo cha afya wiki hii na useme waziwazi: "Anakohoa wiki ya tatu, naomba achunguzwe kifua kikuu." Sisemi kwamba anacho. Mafua ya kawaida huweza kuacha kikohozi cha wiki tatu, na pumu ya mtoto mara nyingi hujionyesha kwa kikohozi cha usiku au cha baada ya kukimbia. Lakini hakuna mtu anayeweza kutenganisha hayo kwa kusimama mbele ya kaunta. Uchunguzi na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma, na zahanati isiyo na mashine huweza kuchukua makohozi na kuyatuma kunakopimwa. Wakikuuliza, uwe na majibu ya mambo manne: kama amepungua uzito, kama anatokwa jasho jingi usiku, kama kuna mtu mzima nyumbani au kwa majirani anayekohoa muda mrefu, na kama kifua hulia anapopumua. Chupa ya tatu usinunue.

Sasa swali lenyewe. Umeniuliza mahali gani ni sahihi, kana kwamba sehemu moja kati ya hizo nne ndiyo bora na nyingine tatu ni za kukimbiwa. Mimi ningeuliza hivi kwanza: mgonjwa huyu, leo, anahitaji kufanyiwa nini? Kuna anayehitaji dawa ya kutuliza tu na muda wa kupona. Kuna anayehitaji kipimo, anayehitaji mtu wa kumvua shati na kumsikiliza kifua, na anayehitaji oksijeni au dripu usiku huuhuu. Ukishajua anahitaji nini, mahali pa kwenda hubaki sehemu mbili au moja tu.

Anza na wa mwisho, kwa sababu hao hawana nafasi ya kuchagua. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au haamki vizuri, ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi, au shingo imekakamaa: huyo ni wa hospitali au kituo cha afya kinacholaza, saa hiyohiyo, bila kupitia dukani wala kusubiri kuche. Kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote yuko kundi hilihili hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa maambukizi kwa mtoto wa umri huo hubadilika ndani ya saa chache. Dharura haidaiwi barua ya rufaa. Na degedege ikitokea, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, kisha ondokeni.

Wengine wote wana nafasi ya kufikiri, na hapo ndipo lilipo kosa linalowagharimu wazazi wengi. Umesema ukimpa amoksilini ya elfu mbili mara nyingi anapona. Nakuamini, anapona kweli. Ila angepona hata bila hiyo. Mafua, kikohozi cha kawaida, koo kuwasha na homa ndogo ndogo za watoto husababishwa zaidi na virusi, na mwili huvishinda wenyewe: homa huisha ndani ya siku tatu hivi, koo ndani ya wiki moja, mafua siku saba hadi kumi. Mzazi huvumilia siku ya kwanza na ya pili, siku ya tatu anapochoka ndipo ananunua dawa, na siku ya nne mtoto anacheza. Sifa zote zinaenda kwa kidonge kilichomezwa jana. Ndiyo maana kila mtaa una duka "lenye mkono mzuri" na kituo chenye "sindano kali". Wagonjwa huwafikia ugonjwa ukiwa tayari unaondoka.

Amoksilini huua bakteria tu, kwa virusi haina kazi. Ikitumiwa bila sababu humwachia mtoto kuharisha, vipele vya mzio, na bakteria wa mwilini wanaojifunza kuistahimili, ili siku atakapopata nimonia ya kweli dawa ileile isimsaidie. Dozi ya elfu mbili ina ubaya mwingine zaidi ya huo. Kama mtoto ana nimonia, dawa ya siku mbili humpunguzia homa kwa muda, nawe unatulia nyumbani wakati mapafu bado yanaugua.

Tuje kwenye homa, ambayo kwa mzazi wa Kitanzania ina jina moja tu: malaria. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliochunguza kwa vipimo vingi watoto 1,005 wenye homa, wa miezi miwili hadi miaka kumi, waliokuja kutibiwa na kurudi nyumbani Dar es Salaam na Ifakara. Zaidi ya watoto 60 katika kila 100 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yao ya virusi. Wenye malaria walikuwa kama 10 katika 100, wenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) karibu 6, na wenye taifodi hawakufika 4. Linganisha na majibu unayopewa wewe, ambapo mtoto mmoja huwa na yote matatu kila mara. Inawezekana kwa nadra sana. Kila mara, haiwezekani.

Kwa nini basi karatasi inaandika hivyo? Chukua taifodi. Vituo vingi hutumia kipimo cha Widal: tone la damu huchanganywa na kimiminika kwenye kigae cheupe, wakaangalia kama kuna kuganda. Kipimo hiki hakitafuti mdudu wa taifodi. Kinatafuta kinga ambayo mwili umetengeneza, na kinga hiyo hubaki muda mrefu baada ya maambukizi ya zamani, baada ya chanjo, au baada ya kukutana na bakteria wengine wa jamii hiyo. Zaidi ya hapo, kinga ya taifodi huchukua siku nyingi kupanda, kwa kawaida hadi kuelekea wiki ya pili ya ugonjwa. Widal moja kwa homa ya siku mbili haikuambii karibu chochote. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu, kazi ya maabara kubwa na ya siku kadhaa, na huwaziwa pale homa inapozidi kupanda kwa siku nyingi na sababu nyingine zimeondolewa.

UTI ni kweli huwapata watoto, hasa wa kike, lakini mkojo wa mtoto wa miaka minne uliokingwa ovyo kwenye kopo huokota uchafu wa ngozi, na seli chache za usaha zikaandikwa kuwa ugonjwa. Mkojo wa kuaminika ni wa katikati: mtoto anaoshwa kwa maji, anaanza kukojoa chini kwanza, ndipo kopo safi linakinga, na linapelekwa maabara mara moja. Je, analia akikojoa? Anakwenda haja ndogo mara kwa mara? Alikuwa ameacha kukojoa kitandani na sasa amerudia? Kama hakuna hata moja kati ya hayo na mafua yanamtiririka, homa ina sababu inayoonekana puani.

Na hiyo "malaria kidogo": kipimo cha haraka cha mRDT hujibu ipo au haipo, hakina kidogo. Kwa hadubini vimelea huhesabiwa, basi omba uandikiwe hesabu. Kumbuka pia kwamba mRDT nyingi hunasa protini ya vimelea ambayo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona. Akipata homa nyingine mwezi huohuo, waambie alitibiwa lini, ili wapime kwa hadubini. Bila hivyo atapewa dawa ya mseto mara ya pili kwa malaria iliyokwisha.

Kwa hiyo mtoto mwenye homa anahitaji kipimo cha malaria, ndani ya saa 24 tangu homa ianze, na kwa hilo duka la dawa si mahali pake. Usimnunulie dawa ya mseto kwa kubahatisha. Kipimo kikisema haipo, kiamini, na kirudiwe tu endapo homa itaendelea siku mbili zaidi.

Duka la dawa muhimu lina kazi yake halali na ni kubwa. Maduka haya yalianza kuwekwa Ruvuma mwaka 2003 ili watu wa mbali na hospitali wapate dawa zenye ubora kutoka kwa muuzaji aliyefunzwa, na kwa mafua, maumivu ya kichwa, kuharisha kusiko na damu, au fangasi kidogo ya ngozi, hapo panatosha kabisa. Angalia cheti kiwe ukutani, na utaje umri na uzito wa mtoto, amekuwa hivyo siku ngapi, na dawa alizokwisha kunywa. Muuzaji mzuri atakuuliza hayo kabla hujayasema, na kuna siku atakataa kukuuzia na kukwambia umpeleke zahanati. Huyo mshike. Sindano usikubali kuchomwa dukani.

Ukiwa pale, kwa mtoto wako wa kilo 16 parasetamoli ni miligramu 160 hadi 240 kwa mara moja, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Ikiwa chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni kati ya mililita 6.5 na 10. Lakini zipo chupa za 250 kwa mililita 5, na wazazi wengi huzidishia hapo kwa sababu wanapima kwa mazoea ya chupa ya zamani. Tumia kikombe au bomba lililokuja na dawa. Vijiko vya nyumbani havilingani. Aspirini asipewe mtoto. Kwa kikohozi, asali kijiko kidogo kabla ya kulala humtuliza mtoto aliyevuka mwaka mmoja, na husaidia sawa au zaidi ya nyingi ya dawa za maji ulizonunua.

Kuharisha kunatibiwa na maji ya chumvichumvi (ORS) na vidonge vya zinki. Pakiti ya ORS huchanganywa yote kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja; ukiigawa nusu kwa kukadiria, chumvi huzidi au hupungua na dawa inageuka madhara. Kila akiharisha, mpe nusu kikombe hadi kikombe kimoja cha chai, kidogo kidogo. Akitapika subiri dakika kumi, uendelee taratibu zaidi. Mchanganyiko ukipita saa 24, mwaga. Zinki kwa mtoto wako wa miaka minne ni miligramu 20 mara moja kwa siku kwa siku kumi, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Damu kwenye choo, macho kudidimia au kukosa mkojo hulifanya duka lisitoshe tena.

Kuna kipimo kimoja unachoweza kukifanya mwenyewe nyumbani, nacho hukuambia kama kikohozi ni cha kusubiri au cha kukimbilia. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hali, inua nguo uone tumbo na kifua. Weka saa ya simu, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kila tumbo likipanda na kushuka ni moja. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, maana watoto hupumua kwa mwendo usio sawa. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi asiyefika mitano, pumzi 40 au zaidi ni za haraka. Kwa wa miezi miwili hadi chini ya mwaka ni 50. Kwa wa chini ya miezi miwili ni 60, naye hasubiri kuhesabiwa tena, apelekwe. Homa huongeza pumzi, kwa hiyo mpe parasetamoli, subiri nusu saa hivi, rudia kuhesabu. Zikibaki juu, aonwe na tabibu siku hiyohiyo kwa kuhofia nimonia. Kifua kikibonyea, usirudie kuhesabu, ondoka.

Zahanati ya serikali naielewa unavyoiona, foleni inachosha na mtoto mgonjwa mgongoni. Hata hivyo, kwa homa ya mtoto wa miaka minne ni hapo ningekupeleka kwanza. Wana mRDT, wana dawa ya mseto, wamefunzwa mwongozo wa kutibu watoto unaohesabu pumzi na kutafuta dalili za hatari, na kwa sera ya Tanzania mtoto wa chini ya miaka mitano husamehewa gharama za matibabu katika vituo vya umma. Yule wa miaka tisa hana msamaha huo. Tatizo la kweli ni dawa kuisha. Wakikuandikia ukanunue nje, msamaha haukufuati dukani, kwa hiyo beba akiba. Msongamano mkubwa huwa asubuhi, hasa Jumatatu na siku za kliniki ya watoto. Zahanati nyingi hufanya kazi saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Mtoto asiye na dalili za hatari ukimfikisha saa sita au saba, mara nyingi utakuta watu wamepungua, mradi ufike kabla maabara haijafungwa. Ukiingia na kuona mtoto amezidiwa, amelegea au anahema, usikae kwenye benchi. Mwambie muuguzi, kwa sababu walio hoi hutangulizwa.

Kituo binafsi kinauza haraka, na haraka kwa mama anayefanya kazi ina thamani yake, siwezi kuibeza. Vipo vizuri. Lakini kipato chao hutoka kwenye kila kipimo na kila sindano, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi huona amedhulumiwa akirudi nyumbani na ushauri tu. Pande zote mbili zinasukumana kuelekea sindano. Utakijua kilicho kizuri kwa mambo unayoyaona kwa macho: mtoto anaguswa, anaangaliwa koo na masikio, kifua kinasikilizwa kabla ya kuandikiwa vipimo, unaonyeshwa majibu, na huruhusiwi kuondoka bila kuambiwa urudi ukiona nini. Usione haya kuuliza, kwa adabu, "Daktari, kipimo hiki kikija hivi au vile, matibabu yatabadilika?" Na kama mtoto anakula na hatapiki, uliza kwa nini asipewe ya kunywa. Seftriaksoni, dawa ya sindano ya kuua bakteria, ni ya maambukizi makali. Kuichoma kwa mafua ni kuiharibu, na sindano ya makalio ikipita pasipo pake huweza kuumiza neva na kumwachia mtoto mguu uliolegea.

Jirani yako anakutakia mema, ila ushauri wake haufai kwa homa ya siku moja. Hospitali za rufaa na ile ya taifa zimewekwa kwa walioshindikana ngazi za chini. Ukienda moja kwa moja utapanga foleni ndefu zaidi, nauli kubwa zaidi, na kipimo cha malaria kitakuwa kilekile cha zahanati. Ukiwa na kadi ya bima, uliza kwanza inaanzia ngazi gani, kwa kuwa nyingi hudai rufaa ili hospitali kubwa ilipwe. Bingwa anahitajika kwa ugonjwa unaorudi kila mara, kwa mtoto asiyeongezeka uzito, au pale tabibu wa chini anapoandika rufaa.

Limebaki suala la usiku. Leo, kabla hajaugua mtu, tafuta kituo cha afya au hospitali iliyo karibu inayofanya kazi saa 24, uijue njia yake na uwe na namba ya bodaboda au bajaji anayepokea simu usiku. Homa ya kawaida inayoanza saa tatu usiku, mtoto anakunywa na anaongea, inaweza kusubiri zahanati ifunguliwe ukimpa parasetamoli na maji na kumwangalia. Yenye dalili nilizotaja haisubiri.

Popote utakapoanzia, homa ikiendelea siku mbili baada ya matibabu, rudi palepale na karatasi ileile, usihamie pengine. Tabibu aliyemwona Jumanne ataona Alhamisi kilichobadilika. Mgeni ataanza upya na vipimo vilevile, na utalipa tena. Daftari moja kwa kila mtoto linatosha: tarehe, joto, kipimo na jibu lake, jina la dawa na siku alizokunywa. La huyu wa miaka tisa lianze na hizi wiki tatu za kikohozi na majina ya zile chupa mbili.